Mkono wa Kuandikia Keki

Tarehe 3 Februari

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii inawakuta salama, wewe na mama yako. Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko chombo nilichokisoma kwenye kituo cha hali ya hewa kwa miaka thelathini na minane. Januari nzima tumepata milimita kumi na nne tu. Jirani yangu seremala amepata mjukuu wa tatu, na kuku wangu watatu wameanza kutaga nje ya banda. Ukaidi mtupu.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Jana mama yako alinipigia. Alianza na salamu, akaja na habari za bomba linalovuja, akazunguka mbuyu mpaka nikamwambia, "Dada, sema." Ndipo akasema kwamba mkono wako wa kulia unakufa ganzi, shingo haigeuki upande wa kushoto, na Alhamisi ulidondosha keki ya ghorofa tatu miguuni pa bibi harusi aliyeagiza. Nikamuuliza, "Amefanya nini huyo mtoto?" Akajibu, "Ni simu, kaka. Zahanati wamesema ni simu."

Sikukasirika. Hasira ningeimaliza kwa kutembea mpaka barabarani na kurudi. Niliona kinyaa, kama mtu aliyekuta unywele kwenye kijiko wakati kijiko kiko tayari mdomoni.

Wiki hiyohiyo nilikuwa kwenye foleni ya posta. Mbele yangu watu kumi na mmoja, niliwahesabu. Tisa walikuwa wameinama, mfupa wa nyuma ya shingo umetokeza kama fundo la ng'ombe aliyekondeana. Mmoja wao alikuwa anakula. Analamba kidole, anakipitisha kwenye kioo cha simu, anakilamba tena. Zamu yake ilipofika hakujua, tukamsukuma kama gunia. Na wewe, mtoto niliyemfundisha kukaa wima na kushika kalamu, umejiunga na kundi hilo?

Mama yako anasema Mama Tanuri, mwenye duka la keki, amekupa hadi mwisho wa Aprili. Maandishi yako yasiponyooka atatafuta mwingine wa kuandika. Kwa hiyo sikiliza. Kuanzia leo usinitumie ujumbe wala hizo sauti za kurekodi. Niandikie barua, mezani, mgongo umeegemea kiti. Simu ibaki kwa kazi ya maana tu. Huo mkono ndio riziki yako na ya mama yako, hakuna mwingine kabatini.

Mimi mjomba wako.

Nimesahau. Kurasa za daftari langu la kumbukumbu, lile la kumi na moja, nilikutumia Jumapili, picha ishirini na mbili. Zile za Mei zina madoa ya chai, zikuze utaziona. Hiyo ni kazi, si upuuzi wa simu, kwa hiyo usiisimamishe. Mchwa wamekwisha kula jalada la daftari la kumi na mbili.


Tarehe 17 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua yako ilifika Jumatatu. Mama anakusalimu, anasema hakuzunguka mbuyu wowote, ni wewe usiyejua kusikiliza. Bomba limetengenezwa, sasa linavuja mahali pengine. Hongera kwa seremala.

Naandika kwa penseli maana kalamu inataka kubanwa. Mistari mitano, napumzika. Usishangae mwandiko ukibadilika katikati.

Ni kweli kuhusu keki. Bibi harusi hakupiga kelele, na hilo ndilo baya. Alitazama krimu kwenye viatu vyake, akaniuliza taratibu, "Dada, umelewa?" Mimi ambaye hata soda inanizungusha kichwa.

Ganzi inaanzia kidole kidogo na kile cha jirani yake, inapanda mpaka kwenye kiwiko. Mfuko wa krimu unataka kukamuliwa kwa nguvu moja, bila kulegeza, tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Mimi nikifika katikati ya "Hongera" mkono unalegea. Jana niliandika herufi G iliyofanana na konokono aliyekanyagwa. Mwenzangu wa unga akaifuta kwa kisu kabla Mama Tanuri hajafika, akaninong'oneza, "Leo nimekuokoa, kesho nitakuwa likizo." Yeye mwenyewe simu yake anaiegemeza kwenye bakuli la unga, anakanda huku anatazama, na kioo kimeota ukoko wa unga na mate ya kikohozi. Nikikitazama nasikia kichefuchefu, halafu nakumbuka changu hakina tofauti.

Nitapunguza simu, mjomba. Nimekusikia.

Daftari la kumi na moja nimefika tarehe 9 Aprili. Samahani kwa kuchelewa. Mwaka ule uliandika kwa herufi ndogo sana, nadhani karatasi zilikuwa adimu.

Wako mpwa.


Tarehe 26 Februari

Mpwa wangu,

Nashukuru kwa barua. Hapa tumepata milimita sita usiku mmoja, nikazipima saa tatu asubuhi kama ada. Hakuna anayezitaka siku hizi, lakini mkono umeshazoea.

Nilikwenda kumwona mjukuu wa seremala. Sebuleni wazima saba, mtoto mmoja. Mtoto analia mpaka amekuwa wa zambarau, wazima saba wamemwinamia na simu wanampiga picha, hakuna hata mmoja wa kumbeba. Babu yake akawa ananiambia, "Tazama anavyopendwa!" Nikamchukua mtoto. Alikuwa amejinyea hadi mgongoni, na katika watu saba wenye pua hakuna aliyenusa. Nikarudi nyumbani sijanywa hata maji.

Kuhusu wewe. Neno "nitapunguza" halipimiki. Hata mvua hatusemi "imenyesha kiasi". Chukua karatasi, kwa wiki moja uandike kila jioni: simu nimeishika kwa nini, na kwa muda gani. Usijipendelee. Halafu nitumie. Tatizo lisilopimwa ni uvumi.

La pili. Mama yako amenidokeza kwamba mtaani kwenu kuna mtu mnamwita Mnyooshaji, anayekamata watu vichwa na kuwavunja shingo mpaka zilie. Usimsogelee! Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini na anayeyapeleka kwa kila mwenye kiganja naye hana tofauti. Nenda hospitali kubwa, ukaombe mtaalamu wa viungo. Hata foleni ikiwa ya siku nzima.

Daftari la kumi na mbili nimeanza kulipiga picha. Nitakutumia Jumapili hii.

Mimi mjomba wako.


Tarehe 22 Machi

Shikamoo mjomba,

Nisamehe ukimya. Mama hajambo, amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi ambalo halipo. Kazini tuna keki nyingi.

Barua yako ilichelewa siku mbili. Nilikuwa nimeshakwenda kwa Mnyooshaji.

Sitaki kukuficha hili. Ana chumba nyuma ya duka la matairi. Kitanda kimefunikwa plastiki, na kwenye plastiki kuna jasho la aliyetangulia, umbo la mgongo wake limebaki pale kama muhuri. Taulo ni moja kwa wateja wote. Mafuta yananuka kikaango kisichooshwa. Alinikamata kidevu kwa kiganja chenye majimaji akasema, "Tulia dada, utasikia ka! halafu utazaliwa upya." Kumbe nyuma yake mkewe ameinua simu ananirekodi. "Ukisikia ka, tabasamu," ananiambia. "Watu wanapenda tabasamu." Shingo inauma kwa sababu ya simu, na dawa yake ni kuingizwa kwenye simu za watu wengine!

Ka ilisikika. Sikutabasamu. Siku mbili sikuweza hata kutazama pembeni nikivuka barabara, ilibidi nigeuke mzima mzima kama kabati. Nyumbani nilijisugua shingo kwa sabuni ya kufulia mara tatu, na harufu ya yale mafuta haikutoka.

Mama akanipeleka hospitali kubwa. Mtaalamu wa viungo ni mama wa makamo, mikono mifupi, hana maneno ya mapambo. Nilipomsimulia akaweka kalamu chini. "Shingo si chupa ya soda," akasema. "Kuna mishipa ya damu humo inayokwenda kwenye ubongo. Mshukuru Mungu umekuja na maumivu tu."

Akanipima nguvu za vidole, akanigonga kiwiko kidogo kwa ndani, nikaruka. Anasema kuna mambo mawili. Kichwa ni kizito, na kadiri unavyokiinamisha ndivyo misuli ya shingo inavyobeba mzigo, saa baada ya saa. Halafu kiwiko. Mshipa wa fahamu unapita pale, na mimi nalala ubavu, nimekunja mkono, nimeshika simu mbele ya uso muda mrefu. Mshipa unabanwa na kuvutwa, ndiyo maana vidole viwili vinakufa ganzi na mkono hauna nguvu ya kukamua krimu.

Amenipa mazoezi. Nakaa wima, navuta kidevu nyuma kama mtu aliyesikia harufu mbaya (hilo nalifanya bila kufundishwa), nahesabu hadi tano, mara kumi. Nabana mabega nyuma. Nanyoosha mkono taratibu, usiume. Usiku nazungusha taulo kwenye kiwiko ili kisikunjike nikiwa usingizini. Simu niinue hadi usawa wa macho, viwiko viegemee mto, na kila baada ya dakika ishirini niiweke chini, nisimame. Maneno marefu niyaseme, simu iandike yenyewe. Ganzi ikizidi, au vidole vikizidi kulegea, au miguu ikianza kuyumba, nirudi siku hiyohiyo. Anasema mshipa hupona polepole sana, ni miezi, na hautapona kama naendelea kuubana.

Karatasi uliyoniagiza nimeijaza wiki nzima. Hivi ndivyo siku moja inavyokwenda:

Kupiga na kupokea: dakika ishirini.
Picha za keki za wateja: dakika thelathini.
Kundi la familia: dakika kumi na tano.
Video za kuchekesha: dakika ishirini na tano, sitadanganya.
Kuandika: saa mbili na nusu.

Wako mpwa.


Tarehe 30 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nitazifupisha. Niko mzima, kuku wako wazima, mvua milimita tisa.

Nimejumlisha. Ni saa nne kamili. Video za dakika ishirini na tano nimekusamehe, kila mtu ana ujinga wake. Huyo mnyama wa nyuma ya matairi sitaki hata kumtaja, nimefungua dirisha baada ya kusoma ukurasa ule. Na huyo mama wa hospitali nampa heshima zangu.

Lakini saa mbili na nusu za kuandika! Kuandika nini? Kumwandikia nani? Umeweka neno moja kavu, ukapita haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Mimi si mtoto. Msichana wa miaka ishirini na sita haandiki saa mbili na nusu kila siku kwa ajili ya hewa. Yupo mtu. Yupo mtu mzima na akili zake, anayekula na kushiba, anakulaza ubavu kila jioni umekunja mkono, na anajua unaumwa, maana siamini hujamwambia. Na bado anataka zaidi! Huyo si mtu, ni kupe. Kupe naye afadhali, akishiba huanguka.

Nimemsimulia seremala bila kutaja jina la familia. Ametema mate nje ya mlango.

Nataka uniambie ni nani. Sitamfuata, goti haliniruhusu, lakini nitamwandikia, na nikimaliza kumwandikia atajiona anavyonuka. Umebakiwa na mwezi mmoja, mwanangu. Mama Tanuri hatapima mapenzi yako, atapima herufi.

Mimi mjomba wako.

Kurasa za Juni hadi Septemba bado sijazipata. Usiniambie huyo kupe anapewa muda na mimi sipewi.


Tarehe 12 Aprili

Shikamoo mjomba,

Tumeamka salama. Mama anakusalimu sana. Barua hii nimeianza mara nne, na hizo nyingine tatu zimewashia jiko.

Nikueleze kwanza yaliyotokea hospitali, sehemu niliyoiruka. Yule mama wa viungo alipoisoma karatasi aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Huyu anayekuandikisha saa mbili na nusu ni mwajiri wa pili?"

"Hapana. Ni mtu wangu wa karibu."

"Anajua kwamba unaumwa?"

"Anajua."

"Anajua kwamba ni yeye?"

Nikamwambia hapana, hilo ndilo jambo pekee asilolijua, mengine yote anayajua. Akanitazama kama ninavyolitazama yai viza. "Dada," akasema, "mimi nina mikono miwili na wagonjwa arobaini. Siwezi kukunyoosha asubuhi ili mtu akukunje jioni. Mwambie, au usirudi kunipotezea muda."

Mjomba, mtu huyo ni wewe.

Ni zile kurasa za madaftari yako, ninazokuchapia kwenye simu. Naangalia picha yako, naikuza, nasoma mstari, narudi kuandika, narudi kwenye picha. Kwa kidole gumba kimoja, maana mkono mwingine nimeulalia. Kompyuta hatuna. Ni miezi kumi na minne sasa, madaftari kumi na nusu. "Hiyo ni kazi, si upuuzi wa simu," ulisema, na mimi nikakubali, kana kwamba kiwiko kinajua kutofautisha.

Barua yako ya mwisho mama aliisoma kwa sauti, na miwani yake mipya. Alipofika kwenye kupe alikaa chini sakafuni kwa kicheko. Akasema, "Nyani haoni kundule," halafu akasema nikuandikie hivyohivyo. Nimeandika, lakini ni maneno ya dada yako, mimi simo.

Unaweza kuuliza kwa nini sikusema tangu Februari. Wanao walikataa kuchapa, ukaniomba mimi mbele ya ukoo mzima, na nikasema ndiyo kwa furaha. Nilipenda mwanzoni. Nimeona siku niliyozaliwa: "Mvua hakuna. Upepo wa mashariki. Dada kajifungua, mtoto wa kike. Nyuki wameingia darini." Nyuki umewapa mistari sita zaidi. Nilicheka peke yangu. Lakini tangu mkono uanze kufa ganzi sicheki. Nafungua picha, naifunga, naifungua tena. Milimita, milimita, fulani kanikera, milimita. Hata mwandiko wako, mjomba, ule niliojifunzia kusoma, nikiuona nasikia kinyaa, kisha naionea kinyaa nafsi yangu kwa kukuonea wewe kinyaa. Nilimficha yule mama jina lako, nikakuficha wewe ukweli, na kidole kikaendelea.

Zimebaki siku kumi na nane. Jumatano iliyopita Mama Tanuri alichukua mfuko wa krimu mkononi mwangu, akamaliza keki yeye mwenyewe.

Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Wako mpwa.


Tarehe 21 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako imefika tarehe 17. Nimekaa nayo siku nne. Mwambie mama yako nimesikia kicheko chake hadi huku.

Siku ya kwanza nilikasirika. Nikasema moyoni, hivi kuchapa kurasa mbili tatu ni kazi ya kumlemaza mtu? Watoto wa siku hizi wamezaliwa na vidole vya kazi hiyo. Halafu nikaona nasema kitu ambacho sijakipima.

Kwa hiyo siku ya pili nilikaa na simu, nikapiga picha ukurasa wa tarehe 14 Juni wa daftari la kumi na moja, nikaanza kuuchapa kama unavyofanya wewe, kwa kidole gumba kimoja. Nilianza saa nne na dakika tano. Mstari wa tatu shingo ilianza kuwaka. Mstari wa saba nikapoteza picha, nikaitafuta, nikafuta nilichokuwa nimeandika. Nilimaliza saa tano kasoro dakika tano. Dakika hamsini kwa ukurasa mmoja! Najua wewe una kasi zaidi. Nilipoinua kichwa nilijiona kwenye kioo cha kabati: mdomo wazi, ulimi nje kidogo, kichwa kimening'inia mbele kama cha kuku aliyechinjwa. Nilifanana na yule wa posta, na tofauti yetu ni kwamba mimi sikuwa nakula.

Na unajua ukurasa wenyewe ulisemaje? Ulisema mvua hakuna, na kwamba mkuu wa kituo amevaa soksi zisizofanana. Hayo ndiyo niliyoyachapa dakika hamsini.

Siku ya tatu nilipiga hesabu. Miezi kumi na minne, saa mbili na nusu, tukitoa siku ulizopumzika, inakaribia saa elfu moja. Mimi huweka nakala ya kila barua ninayoituma. Nilitoa nakala ya tarehe 30 Machi, nikasoma pale nilipoandika kupe, nikapafuta. Kisha nikaona kufuta ni kujipendelea, nikapaandika upya juu ya alama ya kufuta. Maneno hayo yanabaki.

Seremala ameniuliza kama yule mtu amepatikana. Nimemwambia amepatikana. Akauliza ni wa aina gani. Nikamwambia ni mzee mmoja hivi, msomi kidogo, anajiona msafi.

Lipo neno linalotakiwa kuandikwa mahali hapa. Nimelijaribu kwenye karatasi nyingine mara tatu, na kila mara lilionekana kama mtu anayeomba asifiwe. Nimeliacha. Badala yake nakuambia kwamba hutapokea picha tena mpaka upone. Na tarehe 30 nitakaa karibu na simu, mama yako anipigie, aniambie Mama Tanuri amesemaje. Usipige wewe.

Mimi mjomba wako.


Tarehe 4 Mei

Shikamoo mjomba,

Tuko wazima. Najua mama alikupigia na alikuambia nusu, kwa sababu alianza kulia na simu ikaisha chaji. Nikupe nusu iliyobaki.

Tarehe 30 tulikuwa na keki thelathini na sita za mahafali ya chuo. Kila moja "Hongera" na jina la mtu. Mama Tanuri akasema zote ni zangu, akavuta kigoda akakaa, mikono ameikunja kifuani. Tangu nipate barua yako sikuwa nimechapa hata neno, na nilikuwa nimefanya mazoezi kila siku. Ganzi ilikuwa imepungua, haikuwa imekwisha. Yule mama wa viungo alikwisha kuniambia nisitegemee muujiza wa siku chache.

Nilipandisha meza kwa matofali mawili ili nisiiname. Keki kumi na mbili za kwanza ziliteleza kama maji. Ya kumi na tisa, kidole kidogo kikaanza kutetemeka. Nilijua kinachofuata. Ningeweza kubana meno na kufika hata ya ishirini na tano, kama nilivyobana tangu Februari, halafu mkono ufe kwenye jina la mtu.

Nikaweka mfuko chini. "Mama Tanuri, mkono umechoka. Napumzika dakika tano, na nitapumzika hivi kila baada ya keki kumi."

Yule wa unga akanitazama kama mtu aliyekojoa kwenye unga wake.

"Nani amekuruhusu?" Mama Tanuri akauliza.

"Hakuna. Nikiendelea nitakuharibia keki. Nikipumzika sitaharibu."

Akatazama saa ya ukutani. Akatazama keki kumi na tisa. Mimi nikaanza zoezi langu la kidevu palepale, maana nilikuwa sina la kupoteza, na yeye akakunja uso: "Ndiyo nini hiyo? Unafanana na kobe aliyetukanwa." Mwenzangu wa unga akacheka, simu yake ikadondoka kutoka kwenye bakuli mpaka ndani ya donge. Mama Tanuri aliitoa kwa vidole viwili, inadondosha uji wa unga, akaitazama mbele na nyuma, akasema, "Na hii ndiyo mnayowalisha watu." Akaitupa kwenye sinki. Nadhani hicho kinyaa ndicho kilichoniokoa, kwa sababu hasira zote zilihamia huko.

Nilimaliza thelathini na sita saa kumi jioni. Tatu zimepinda kidogo. Alizikagua moja moja, akasema: asubuhi nitaandika, mchana nitapima unga na kusimamia tanuri, hadi Julai, halafu ataangalia tena. Si kazi yangu yote, ni nusu. Lakini sikutolewa, na mfuko wa krimu bado ni wangu.

Sasa mjomba, umeandika kwamba sitapokea picha mpaka nipone. Nimelisoma hilo neno "mpaka" mara nyingi. Niliweza kumwambia Mama Tanuri mbele ya watu sita, kwa hiyo nakuambia na wewe. Hata nikipona, sitazichapa. Mkono huu nikiupata tena wote, nitauweka kwenye keki na kwenye maisha yangu. Nililochapa nimelihifadhi, hutalikosa.

Na kama unaogopa kwamba yatakufa na mchwa bila mtu kuyajua, njoo huku wakati wa likizo na madaftari yako. Utakaa kwenye kiti chenye mgongo, utasoma mwenyewe kwa sauti, kuanzia daftari lolote upendalo, hata zile soksi. Mimi na mama tutasikiliza. Mikono yangu itakuwa mapajani.

Wako mpwa.